Firigisi ya Mwenye Nyumba

Mongbwalu si Ulaya. Mtu akidandia lori Bunia alfajiri, mvua ikimwonea huruma na magurudumu yakiwa na adabu, anaweza kulala Mongbwalu siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu aliyekaa Mongbwalu Noeli tatu mfululizo bila kukanyaga kwake, mtaani Ngezi, Bunia, asije kutusimulia habari za umbali. Athanase Katsuva hakukwamishwa na barabara. Alikwamishwa na mdomo wake.

Alikuwa mwashi, tena mwashi wa kusifiwa. Kuta nyingi za Ngezi zilipita mikononi mwake, na hata leo ukiegemea mojawapo utasikia mgongo umetulia. Lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa na chumba kimoja kilichoishia kwenye kimo cha dirisha, mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, maana fundi wa watu hana siku ya kwake. Kisha dhahabu ya Mongbwalu ikafunguliwa kwa kila mwenye sururu, na Athanase akalitundika timazi lake la kupimia kuta msumarini, akasimama uani mbele ya majirani ili wasikie vizuri, akamwambia mkewe Kaswera, mama wa binti yao Adeline, kwamba Noeli itamkuta nyumbani, na mabati mapya juu ya vichwa vyao.

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Katsuva tu. Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Lakini mama yake, mzee Bernadette, aliendelea kumwita Athanase kwa sauti ya kuvuka barabara, hata mkubwa wa mtaa akiwa amesimama pale. Mkubwa wa mtaa aliona heri kujifanya hasikii kuliko kubishana na bibi yule.

Noeli ya kwanza ikakuta shimo alilochimba na wenzake limejaa maji. Athanase akamtuma dereva mmoja: nenda kwangu, mwambie Mama Adeline nakuja, aniwekee chakula. Wala hakuwa anadanganya, alinuia kweli. Ila siku ya safari aliiangalia mikono yake, akaona haina kitu, na mkono mtupu haulambwi. Akabaki. Noeli ya pili akatuma neno lilelile, homa ikamlaza. Noeli ya tatu hakuwa mgonjwa na shimo halikuwa na maji, alikuwa na aibu tu, na aibu ya miaka miwili ni nzito kuliko gunia la mchanga. Neno likafika Bunia kama kawaida. Mwenye neno hakufika.

Mwaka wa nne, yaani 1986, hakutuma kitu. Mwezi wa Desemba mwoka mikate mmoja wa Mongbwalu alimwomba amjengee tanuri. Athanase akachukua mwiko wa uashi baada ya muda mrefu wa kushika koleo, akapanga matofali, akazungusha tao la mlango, na tanuri likasimama sawasawa na lilivyokuwa kichwani mwake. Alirudi nyuma hatua chache kulitazama, machozi yakamlenga. Katika mashimo yale hakuna hata siku moja ambayo mkono wake ulifanya jambo likatoka kama alivyotaka. Hapo akaikumbuka nyumba yake kwa njaa, njaa kabisa ya tumbo, akamwambia mwoka mikate amlipe kwa bidoni ya mawese, dumu zima, pamoja na mchele na kitenge. Akapanda lori la Vital kifua mbele, kama mtu aliyealikwa.

Huyu Vital alikuwa dereva wa njia ile, mtu mwenye moyo mzuri na ulimi wa wembe. Usiku mmoja walilala porini, lori limezama kwenye tope. Asubuhi wakalisukuma, na walipokuwa wamepanda tena, Vital akaanza.

"Weye Katsuva, siku mingi unalala ndani ya mashimo. Utajua namna gani kama ungali bwana ya ile nyumba?"

"Nyumba ni yangu. Nitajua nini tena?"

"Kila mutu anasemaka vile. Sikia. Usiulize majirani, majirani banapenda vita. Usiulize bibi, muke yako. Angalia sahani. Leo ni Noeli, batachinja kuku. Firigisi ikikuya kwako, lala usingizi. Ikienda kwa mutu mwingine, usipige makelele. Kesho asubuhi nitapita Ngezi, nitapiga oni, unapanda, tunarudi Mongbwalu."

Athanase alicheka mpaka akapiga dashibodi kwa kiganja. Lakini aliyafikiria maneno yale njia nzima, na alikuwa na haki. Kwa watu waliotoka upande wa Butembo na Lubero kama yeye, na kwa wengi wengine wa mji ule, firigisi ya kuku ina mwenyewe. Haiendi kwa mgeni, hata awe padri. Haiendi kwa mtoto, hata akilia. Na mwanamke ndiye anayeisafisha na kuipika bila kuigusa kwa ulimi. Mke anaweza kuunguza maharagwe watu wakala na kucheka. Lakini firigisi ikipotea njia, wazee wanaitwa, viti vinapangwa, na ukoo unakaa kikao. Firigisi inakwenda kwa mwenye nyumba tu.

Lori likamteremsha Ngezi jua likiwa utosini. Siku hizo serikali ilikuwa imeifuta Noeli kwenye siku za mapumziko. Watu walikuwa makazini, na sherehe zilingoja watoke. Njia ilikuwa na harufu ya vitunguu na ya sombe, majani ya muhogo, inayochemka, na mchi ulisikika nyumba hii na ile. Athanase alijitwika mchele, akashika bidoni mkono mmoja, akaufikia mlango wake.

Mlango ule alikuwa anaujua kama anavyoyajua meno yake. Tangu awali ulikuwa unang'ang'ania chini, na dawa yake ilikuwa moja: goti hapa, bega pale, kwa mkupuo. Athanase akatia goti, akatia bega, kwa nguvu zote za mwanaume anayerudi. Mlango ukafunguka kwa wepesi ambao hakuwahi kuuona, ukamwacha hewani, naye akaingia kwake kwa magoti, mchele mbele, kitenge nyuma, bidoni ikibingirika mpaka miguuni mwa mama yake, aliyekuwa ameketi mkekani anachambua maharagwe.

Mzee Bernadette akaisimamisha bidoni, akakaza kifuniko.

"Ile mulango inafunguliwaka na kidole sasa," akasema. "Karibu, Athanase. Unafika."

"Nafika, mama."

Kaswera akatokea mlango wa nyuma, unaotoka jikoni. Alikuwa anatafuna kitu, taratibu, mkono mmoja umefunika midomo. Alimwona mumewe yuko magotini kwenye sakafu, akaacha kutafuna. Kisha akameza, akajifuta kwa pindo la kitenge, akamtazama kama anavyotazama andazi kabla ya kuliopoa, kujua kama ndani limeiva.

"Baba Adeline. Unafika."

"Nafika. Na leo sitoki tena."

"Tutaona," akasema Kaswera.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa mambo yote ya dunia. Ukimwambia mvua itanyesha, tutaona. Ukimwambia unampenda, tutaona. Athanase alikuwa amelichukia neno hili siku za nyuma, na sasa alilisikia likamwingia kama maji ya kuoga. Naye akainuka akazunguka nyumba yake kifua mbele tena, akitafuta vitu vyake. Mkewe angali anaongea na unga wa maandazi anapoukanda na kuukaripia ukichelewa kuumuka. Sukari ingali inafungwa ndani ya sanduku la nguo, ndiyo maana blauzi za Kaswera zilivuta sisimizi hata kanisani. Redio ingali inahitaji kofi moja la upande wa kushoto. Binti yao Adeline alirudi kutoka kisimani, akatua ndoo, akapiga goti la heshima kumsalimia. Amemfikia mama yake kwa kimo, na Athanase akashindwa kujua ampe mkono au ambebe.

Kisha akaingia kwenye kile chumba alichokiacha nusu. Kuta zilikuwa zimepanda mpaka juu, zimepigwa udongo laini, zimeezekwa. Maandazi ya Kaswera, yaliyouzwa kando ya barabara asubuhi baada ya asubuhi, yalikuwa yamefanya kazi ambayo sururu yake haikuifanya. Jicho la fundi likapanda kwenye pembe ya kulia, likaona imepinda. Haikupinda sana, ila mwashi yeyote angelala vibaya chini yake.

"Nani alijenga?" akauliza.

"Siye," akasema mama yake kutoka mkekani. "Bibi yako Kaswera alipanga matofali, mi nilikoroga udongo. Ukisema kitu juu ya ile kona, nitakupiga na hii ungo."

Athanase akayaondoa macho kwenye ile kona. Akaenda jikoni kutafuta mahali pa kuweka mawese, na huko akaona kwamba mbali na moto mkubwa wa sufuria kubwa, Kaswera amekoka moto mwingine mdogo, na juu yake amebandika kisufuria cheusi chenye jiwe juu ya kifuniko. Athanase akanyoosha mkono.

"Acha," Kaswera akamwambia. "Ile bado."

"Iko nini ndani?"

"Tutaona. Toka ku jiko, unaziba moshi."

Jua lilipoanza kuteremka, watu wakarudi kutoka makazini na mtaa ukachangamka. Na kama ilivyokuwa tangu Athanase aoe, jirani yao Xavier, fundi cherehani, akatokea na kipande cha chungu mkononi kuomba makaa. Moto wa Xavier ulikuwa na tabia ya kuzimika kila sikukuu, saa ileile sahani zinapopangwa. Kila mara aliombwa aketi kidogo, na kila mara alishangaa sana kuombwa. Alipomwona Athanase akamkumbatia kwa furaha, kisha macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Athanase akafurahi mpaka moyoni. Nyumba ambayo Xavier angali anakuja kuomba makaa haijabadilika sana, akajiambia.

Wakaketi. Kulikuwa na sombe iliyotwangwa na karanga na kumiminiwa mawese mapya, bugali ya muhogo iliyofinyangwa ikang'aa, ndizi za kukaanga, samaki mkavu wa kutoka ziwani, mchele uliosafiri, na katikati ya yote jogoo. Mzee Bernadette akasali. Sala yake ilianza kwa marehemu wote wa ukoo, mmoja mmoja, ikashukuru kwa barabara, ikaombea walio shimoni, ikamkumbusha Mungu juu ya mguu wake wa kushoto, na ilipofika kwa moto wa Xavier usiokaa, sombe ilikuwa imeshika utando. Hakuna aliyefungua macho kabla ya amina isipokuwa yeye mwenyewe, aliyesali akiwa amekodoa ili kuwachunga wengine.

Kaswera akagawa. Athanase akapewa paja, kubwa, lenye mchuzi. Akachovya kijiko, akageuza. Hakuna. Akageuza tena, chini ya kiazi, chini ya kitunguu. Hakuna. Akatupa jicho sahani ya Xavier: bawa. Ya mama yake: mgongo. Ya Adeline: shingo na kifua kidogo. Kaswera mwenyewe alikuwa na mguu, ule wa kucha.

Mtu huyu alikuwa amelala ndani ya ardhi na udongo ukimdondokea usoni, na hakuogopa kama alivyoogopa mbele ya sahani ile. Alifikiria lori la Vital. Akajikaza, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi.

"Mama Adeline, kuku ya leo haikuwa na firigisi?"

Xavier akaacha kutafuna, jambo ambalo mtaa haukuwahi kulishuhudia.

"Ilikuwa nayo," mzee Bernadette akajibu, ingawa hakuulizwa yeye.

"Iko wapi?"

"Ndani ya tumbo ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nani, mama?"

Mzee Bernadette akanyoosha midomo yake, akamwonyesha Kaswera.

"Mi njo nilimupa. Niliichoma ku moto ya makala, nikamwambia, kula. Alikataa. Akasema muke hakulake firigisi. Nikamwambia, basi niitie mwenye nyumba mwingine, nimupe. Tukaangalia huku, tukaangalia kule. Hakukuwa mutu. Akakula. Alikuwa anamalizia wakati weye uliangukia ku mulango."

Athanase akakumbuka mkono uliofunika midomo. Maneno yalimjia kwa wingi, maana hakuwa mtu wa kupungukiwa na maneno: ya mila, ya heshima, ya watu watasema nini. Akafungua mdomo. Akamtazama Kaswera, na Kaswera hakuinamisha kichwa wala hakukiinua. Alikuwa ameweka sahani yake chini na ameshakwenda jikoni. Akarudi na kile kisufuria, akaondoa jiwe, akamimina kwenye sahani ya mumewe vitu vitatu vyeusi, vidogo, vilivyokunjamana.

"Hii ni ya mwaka wa kwanza," akasema, akigusa kimoja kwa ncha ya kidole. "Ulituma neno, ulisema unakuya. Hii ya mwaka wa pili. Ulisema unakuya. Hii ya tatu. Ulisema unakuya. Chakula ya mutu mwenye kusema anakuya, mutu mwingine hakulake. Niliweka juu ya moto, ikakauka na moshi. Mwaka huu haukutuma neno, njo maana ya leo ilikuliwa. Hizi ni zako."

Juu ya mafiga ya Kaswera kulikuwa na uchaga wa kukaushia mahindi na samaki, na Athanase akauona kwa akili yake: moshi wa kila siku, wa maandazi na wa maharagwe, ukipanda na kupita kwenye vipande hivi miaka mitatu. Huko Mongbwalu, kila Noeli, alikula maharagwe kwenye mfuniko wa kopo akiamini kwamba kwake wameshamsahau, na kuamini hivyo kulimsaidia kubaki. Kumbe sehemu yake ilikuwa inawekwa.

Akachukua ya kwanza, akaitia mdomoni.

Ilikuwa imechemka tangu mchana, na bado ilikuwa kama kisigino cha kiatu. Alitafuna. Ilisikika nyumba nzima. Alibadilisha upande, akatafuna tena, masizi yakamjaa ulimini, na machozi yakaanza kumtoka bila kumwomba ruhusa. Xavier, mtu mwema, akamsogezea maji.

"Pilipili," Athanase akasema.

"Eeh, pilipili," Xavier akakubali. Hapakuwa na pilipili kwenye chakula kile.

Ya pili ilichukua muda mrefu zaidi. Adeline alianza kucheka, bibi yake akamfinya, kisha naye akacheka. Athanase akaishika ile ya tatu, akaishikilia mbele ya macho. Ile ndiyo iliyomuuma. Mwaka ule alipotuma neno alikuwa anajua kwamba haendi.

"Kaswera," akasema, na hakuwa na kawaida ya kumwita jina mbele za watu. "Hii ya tatu. Ulijua sitafika."

"Nilijua."

"Sasa uliiweka juu ya nini? Sababu gani?"

"Ulisema," akajibu Kaswera.

Athanase akainamisha kichwa. Laiti angemtukana. Laiti angemtupia sahani, angejua la kufanya, angejitetea. Alikaa na ile firigisi mkononi kama mtoto aliyepewa jambo kubwa kuliko umri wake, na mkewe akamjazia maji kwenye kopo, akalisogeza karibu.

"Tafuna," akamwambia, kwa upole kabisa. "Inabaki moja."

Asubuhi Vital akapita kama alivyoahidi. Alisimamisha lori mbele ya nyumba, akapiga honi mpaka kuku wakapanda uzio, akatoa kichwa dirishani. Kaswera alikuwa kando ya barabara na karai lake la mafuta, maandazi ya kwanza yameshaanza kuelea. Athanase alikuwa juu ya pipa kwenye ile pembe ya kulia, ameondoa udongo uliopinda, timazi lake la zamani linaning'inia mbele ya ukuta. Taya moja ilikuwa imevimba.

"Katsuva! Firigisi ilienda kwa nani?"

"Kwa bibi yangu."

Vital akafungua mlango wa upande wa pili. Alisikitika kwa dhati, ilionekana usoni.

"Basi, ndugu yangu. Nilikwambia. Panda, twende."

"Sipandi. Ile kona iko mupinda, mvua itaingia."

Vital akamtazama yeye, akamtazama Kaswera, akayatazama maandazi. Aliona kuna jambo halikufika kwake, akaona pia kwamba hatalipata. Akanunua maandazi, akaufunga mlango.

"Sasa batu ya Mongbwalu nibaambie nini? Utarudi mwezi gani?"

Athanase akafungua mdomo. Tarehe ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, nzuri, yenye uhakika, kama zilivyokuwa zote. Akaitafuna, ingawa taya iliuma, akaimeza.

"Usibaambie neno," akasema, akarudi kwenye ukuta wake.

Kaswera alikuwa anageuza maandazi. Alisikia, akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mumewe aingie kwa magoti, mpaka andazi moja likaungua.